Sanduku la Mvua

Mama,

Mvua zimekatika. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujauliza kama tunakula. Hii ni wiki ya pili haijanyesha, asubuhi ukungu unashuka toka mlimani mpaka barabarani, na hapa Uyole kila mtu ameshavaa sweta. Kazi ya kuweka vitu vya masika mwaka huu nimeifanya mimi, peke yangu, na ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungeirudia yote.

Lakini sikuandikii habari za miavuli. Kuna neno nililisema siku tuliyokuzika, mbele ya mashangazi na majirani, na sasa nimejua kwamba halikuwa kweli. Kwa waliolisikia nimeshazunguka kulifuta. Nimebakiwa na wewe.

Ngoja nieleze kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanza habari katikati.

Tangu uondoke nimegundua kwamba nyumba hii ilikuwa inaendeshwa na masanduku mawili ya bati. La kijani ni la baridi, jeusi lililobonyea pembeni ni la mvua. Mwezi wa kumi, kabla ya tone la kwanza, ulikuwa unalifungua jeusi na kutoa miavuli, makoti, gambuti, turubai la kufunikia kuni na yale mabeseni ya kukinga maji pale bati linapovuja. Siku hiyohiyo mablanketi, masweta na kofia za sufu vinaingia kwenye la kijani na kupandishwa darini. Mwezi wa tano unageuza. Kwa hiyo masika yote sanduku jeusi lilikuwa likikaa tupu chini ya kitanda chako, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Mimi nilikuwa nadhani ni kazi ya nusu saa. Nimeona cha moto. Nani alijua kwamba gambuti hazioshwi tu, zinajazwa magazeti na kulazwa, zisije zikapinda shingo? Nani alijua kwamba mwavuli unakaa wazi uani kutwa nzima, kuku wakiukimbia, hata kama ukiushika unauona mkavu? Wewe ulikuwa na ugomvi na unyevu, Mama, nilikuwa sijaona mtu wa hivyo. Unakumbuka lile sweta la Neema nililoliweka likiwa na umaji kidogo kwenye mkono? Ulitoa sanduku zima, ukapanga kila kitu juu ya mkeka, ukaniambia nianze upya. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto anayesoma, nimepiga magoti nakunja soksi mbele yako, na mtoto mwenyewe, Neema, anacheka mpaka anashika tumbo.

Basi mwaka huu nikafanya lilelile. Siku niliyoiweka miavuli kulikuwa na mawingu, nikasema aah, imekauka hii. Nikarundika kila kitu juu ya lile gunia ulilolitandika ndani ya sanduku, chini kabisa, nikafunga, nikajipongeza. Siku ya nne chumba chako kinanuka uvundo. Ikabidi nitoe kila kitu, mpaka gunia lenyewe, nikalianike.

Chini ya gunia kulikuwa na blanketi langu.

Kabla sijaendelea, nataka nikwambie nilichokuwa nakiamini, maana hukuwahi kukisikia kutoka kwangu na nadhani ulikiona. Kwa miaka sita niliamini kwamba unanionea aibu.

Siku moja ulimweleza Neema kuhusu mablanketi yale, mimi nikiwa napita na ndoo. Alitaka kujua kwa nini mablanketi mazuri hivyo hayalaliwi. Ukamwambia kwamba binti wa kwetu akiolewa, ndugu wa mume wanamletea mama yake blanketi, na shangazi anamfunika nalo mabegani watu wote wakiona. Ukamwambia, "Mtoto uliyembeba mgongoni akienda kwa watu, mgongo unabaki na baridi. Ndiyo maana wanaleta blanketi." Na ukamweleza sehemu ya mwisho pia, bila kupunguza sauti, kwamba siku mama anapokufa kila binti anamfunika kwa mkono wake na blanketi lililokuja kwa ajili yake, ndipo jeneza linafungwa. Neema akanywea. Wewe ukaendelea kuchambua maharage.

Yalikuwa matatu. La dada Atupele lenye picha ya chui, lililotoka Mafinga. La Tumpe la bluu, zito kupita yote, na mwenyewe akaenda kuishi Chimala ambako kwa joto hata shuka moja ni tabu. Na langu katikati, rangi ya damu ya mzee, lenye mistari myeusi pembeni, walilolileta watu wa Iringa. Kila mwezi wa tano ulikuwa unayaanika kwenye waya wa mbele, upande wa barabara, kwa mpangilio tuliozaliwa. Wapita njia wakisimama kuyasifu, ulikuwa unajifanya hujasikia.

Mwaka niliporudi kutoka Iringa na Neema na mabegi yetu mawili, ulianika yote matatu kama kawaida. Nilitoka sokoni nikayakuta. Nilisimama pale getini, halafu nikaingia ndani nikajilaza nimeangalia ukuta mpaka jioni. Ulikuja ukasimama mlangoni, ukarudi. Nilisikia unayaanua kabla jua halijafika kichwani.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mablanketi mawili. Chui na bluu, umeyasogeza yakagusana, kana kwamba katikati hapakuwahi kuwa na kitu.

Kati ya miaka hiyo miwili, wazee wa Iringa walikuwa wamekuja kuyamaliza mambo ya ndoa yangu, na baadhi ya vitu vyao vilirudi nao. Mimi sikukaa kwenye kikao, nilikuwa jikoni na chai. Nikajijibu mwenyewe kwamba blanketi nalo limekwenda, na kwamba umelitoa kwa moyo mweupe. Halafu wakaja wale kinamama wa jumuiya. Mmoja akatazama wayani akauliza, Mama Atupele, si yalikuwa matatu haya? Nilikuwa nyuma ya dirisha namenya viazi. Ukamjibu, "La tatu halipo."

Kisu kilisimama mkononi, Mama. Nililia juu ya beseni la viazi kwa hasira na aibu, na nilipokuletea chai nilikuwa nimeshanawa uso.

Sikukuuliza. Hilo ndilo linaloniuma sasa kuliko yote, maana nilikuwa na miaka sita ya kuuliza. Nilikupikia, nilikupeleka kliniki ya presha, nilikusuka nywele, lakini kuna chumba nilikifunga moyoni na sikukukaribisha tena. Kila mwezi wa tano ulikuwa unaniita nije tuanike wote, na kila mwaka nilikuwa na kazi. Ndiyo maana leo sijui hata mwavuli unavyofungwa. Nilikataa kufundishwa kwa kuwa sikutaka kusimama karibu na ule waya.

Kisha ikaja ile Novemba. Ulikuwa umeshatoa vitu vyote vya mvua, umepanga gambuti mlangoni kwa ukubwa wa miguu yetu, ukaanguka jikoni na hukuamka tena.

Siku ya kukuzika walishusha sanduku la kijani darini. Shangazi mkubwa alisimama kichwani pako, akamwita Atupele, akakufunika na chui. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, la Sekela liko wapi. Chumba kizima kikanitazama. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tulitafute. Nilisema, "Mama hakuniwekea."

Nililisema kwa sauti, lisikike. Nilitaka likuumize, na wewe umelala pale. Mashangazi waliinamisha macho, mmoja akanong'ona kuhusu mambo ya Iringa. Wakamwita Tumpe na bluu lake. Mimi nikasogea ukutani, mikono mitupu, nikawatazama wakifunga. Na blanketi langu lilikuwa chumba cha pili, chini ya kitanda chako, hatua kumi kutoka niliposimama.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa sakafuni mbele ya lile sanduku mpaka Neema akaja kunitafuta.

Ulilifunga kwa shuka jeupe, juu yake nailoni mbili, ukalikunja vile unavyokunja wewe, mara tatu kisha katikati, pindo likiwa ndani. Miavuli yangu ilikuwa imeshaanza kuota ukungu huko juu, lakini ndani ya nailoni zile palikuwa pakavu. Hapakuwa na tundu hata moja la nondo. Kulikuwa na vile vifundo vyako vya maua ya pareto ya kufukuzia wadudu, na maua yalikuwa bado mazima, hayajawa vumbi. Mtu alikuwa ameyabadilisha mwaka jana.

Nisikudanganye, kwanza nilikasirika. Nikasema, kumbe alinificha, tena chini ya gambuti. Nikalibeba kwa hasira nikalitupia kwenye kamba ya nyuma, hata sikulinyoosha.

Bi Zuhura alikuwa upande wake wa ukuta akianika pilipili manga zake za kupeleka sokoni. Unamjua, hawezi kuona kitu kimening'inia kwa jirani akanyamaza. Lakini siku hiyo aliendelea kueneza pilipili zake mpaka nikageuka kumtazama. Akasema, "Umelipata. Mwaka huu nimelisubiri huku kwangu, nikakumbuka halina wa kulileta."

Akanisimulia pale pale, ukuta kati yetu. Kwamba kila mwezi wa tano, siku ninayokwenda mjini kuchukua mzigo wangu wa biashara, ulikuwa unalifunga blanketi kwa kanga na kulipeleka kwake umelikumbatia. Unalianika nyuma ya nyumba yake, unakaa kwenye kigoda, unaligeuza. Alikuwa anakuletea chai ya tangawizi na anakutania kwamba hajawahi kuona blanketi lenye mlinzi. Ukiona muda wangu wa kurudi umekaribia, unalikunja na kuondoka nalo. Aliwahi kukuuliza kwa nini unajitesa hivyo na waya unao kwako. Ukamwambia, "Mwanangu akiliona anaumia. Lakini siwezi kumwacha aliwe na nondo."

Ulisema kumwacha. Nilimwomba Bi Zuhura arudie, akarudia hivyohivyo.

Na kile kikao nilichokikimbilia jikoni, kumbe ulikuwa umemsimulia chote. Wazee wale walilitaja blanketi. Uliwaambia wachukue vingine vyote, hutawagombeza. Hilo ukawakatalia. Bi Zuhura aliyashika maneno yako kwa kuwa uliyarudia kwake mara nyingi: "Hili nilipewa kwa kuwa nilimzaa. Kuoa mnaweza kukurudisha. Kuzaa kwangu mtakurudishaje?" Wakanywa chai yangu, wakaenda.

Mama, mimi ndiye niliyepika ile chai. Nilikuwa nimekaa kwenye kigogo cha jikoni nikijihurumia, na wewe upande wa pili wa ukuta unanipigania mbele ya wanaume saba. Na wale kinamama uliwaambia halipo ili wasipate pa kuanzia kunichambua, nami dirishani nikajichambua mwenyewe kuliko ambavyo wao wangeweza.

Jumamosi nilikwenda kwa shangazi mkubwa. Sikumpigia simu, nilikwenda kwa miguu na blanketi kwenye mfuko. Nilimwambia nilisema uongo mbele ya maiti, kwamba uliniwekea, na kwamba nataka alijue hilo yeye aliyeniuliza. Alilitoa mfukoni, akalipapasa pindo lote kwa kidole, akanirudishia. Aliniambia tu kwamba atawafikishia wenzake, na kwamba nisirudi kwa miguu maana jua kali. Wale majirani nimewapitia mmoja mmoja. Wengine hata hawakumbuki. Mimi nilidhani dunia nzima ililishika lile neno.

Dada Atupele alilia kwenye simu mpaka vocha yake ikakata, nikampigia mimi. Yeye na Tumpe wana wazo moja. Mwezi wa nane tunajengea kaburi lako, wanataka tulifukie blanketi pale kichwani kabla fundi hajamwaga zege, ili uwe na yote matatu. Tumpe ameshasema atakuja toka Chimala na mchele wa kupikia watu. Wamelisema kwa upendo, na nilikaribia kukubali.

Nimefikiri siku kadhaa. Halafu nikakuona kabisa unavyoniangalia nikikunja sweta bichi. Masika ya kwanza tu ule udongo mwekundu utalowa, maji yatashuka, na blanketi ulilolihangaikia miaka sita lisipate hata tone litaoza kwa mkono wangu mimi. Nimewaambia hapana. Atupele akasema hata wewe ungekataa, ungeuliza ni mjinga gani anaweka blanketi penye maji. Tukacheka, kisha tukalia tena.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jana kulikuwa na jua safi. Nililianika kwenye waya wa mbele, upande wa barabara, peke yake katikati, maana la kushoto na la kulia unayo wewe. Nilikaa kwenye kigoda na kuligeuza mwenyewe. Yule mama wa jumuiya aliyeuliza siku ile alipita akisalimia, akasimama. Akauliza ni la nani. Nikamwambia ni la mama yangu, alipewa kwa kunizaa mimi. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni zuri, akaendelea na safari yake. Safari hii sikuingia ndani.

Miavuli nayo nimeirudia yote, kutwa nzima juani, mmoja mmoja. Gunia nimelibadilisha. Pareto nimenunua kwa mama yuleyule uliyekuwa unanunua kwake, akakuulizia, nikamwambia, akanizidishia viganja viwili na kukataa shukrani. Blanketi halirudi chini ya miavuli. Litakaa kwenye la kijani, juu kabisa.

Naogopa lile neno ulilisikia, Mama. Mchungaji anasema marehemu wamepumzika na hayo, Bi Zuhura naye ana maelezo yake, na wote wananipenda. Lakini nilikuwa hatua tatu kutoka usoni pako na nililisema kwa nguvu. Kama ulilisikia, nisamehe. Nilikuwa mtoto wako mwenye hasira, na hasira yote ilikuwa kwa sababu nilikutaka.

Neema nimeshamwambia, na amenisikiliza bila kucheka safari hii. Siku yangu ikifika, yeye atanifunika na lake, kama Mungu atamjalia, au asiponifunika na lolote ni sawa. Lakini la damu ya mzee waniwekee mikononi, lisifunguliwe, likiwa limekunjwa mara tatu kisha katikati. Si la kunifunika mimi. Nimetumwa nalo. Mpaka hapo nitalianika kila mwezi wa tano mahali ambapo kila mtu anaona, na halitaguswa na unyevu wala nondo nikiwa hai.

Naishia hapa, Neema anapika na ameshaniita mara mbili. Najua wenzangu wawili walikufunika, na najua mahali pangu katikati pana baridi. Vumilia, Mama. Nitalileta mwenyewe, kwa mkono wangu, likiwa kavu.

Ni mimi mwanao,
Sekela